Chupa za maji zinaenda ziwani

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Mvua ikinyesha hapa Mwanza we simama darajani mto Mirongo uone, chupa za maji zimebanana na matope na nepi zinasukumana kuelekea ziwani, ziwa hilohilo tunalovua sato na dagaa na maji ya bomba yanatoka humohumo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 na tukazoea, sasa hizi chupa tunasubiri nini?

Jamani tununue chupa ya kudumu, hasa wazazi, maana mtoto anaenda shule na chupa ya maji ya dukani inajazwa kila siku mpaka imekunjamana, na ile imetengenezwa itumike mara moja tu, ikikwaruzika ndani bakteria wanajificha humo na kuisugua huwezi, mdomo mwembamba. Ya stili ndo nzuri zaidi, tafuta iliyoandikwa 304, ndo namba ya aina ya stili isiyoshika kutu kirahisi, mdomo uwe mpana brashi ipite, na kile kimpira cha kwenye kifuniko kitoe ukioshe kwa sabuni maana ndo kinashika ukungu. Hela haitoshi? Chukua plastiki ngumu yenye namba 5 kwenye pembetatu chini, ila usiiache juani.

Na wanaosimamia stendi zetu, Nyegezi na Buzuruga, wekeni bomba la maji safi ya kunywa abiria ajaze chupa yake, hata kwa kulipia kidogo, tutalipa.

Msomaji wenu, Igoma, Mwanza