Tuulizane na vitabu jamani, isiwe mpira tu

Ndugu Mhariri, salaam kwako na kwa wasomaji wote wa gazeti hili, naomba nafasi kidogo nitoe la moyoni.

Mi namjua jirani yangu vizuri tu, najua anashabikia timu gani, najua mwanae kafaulu kwenda shule gani, najua mpaka dawa ya presha anayomeza, lakini kitabu anachosoma sa hivi sikijui, na yeye changu hakijui, hatujawahi kuulizana. Na sio sisi wawili tu, nchi nzima ndo tulivyo. Mtu atakuuliza umeangalia mechi jana, hakuulizi umefika wapi na kile kitabu. Hili linaniuma sana Mhariri na nadhani gazeti lako linaweza kulisaidia.

Kwanza ule msemo eti ukitaka kumficha Mwafrika kitu kiandike kwenye kitabu naomba tuachane nao, sio kweli na unatudhalilisha. Nafanya ukarani kwenye ghala huku Kurasini, madereva wa malori ya Lubumbashi, Kigali, Lusaka wanakaa foleni hapo getini muda mrefu sana, na gazeti likiingia linazunguka mkono kwa mkono mpaka linachanika, watu wanasoma mpaka matangazo ya minada na tenda, hata kipande kilichofungiwa chapati mtu anakinyoosha kwanza akisome afu ndo anatupa. Kuna mzee mmoja dereva ana vitabu vya Musiba, vile vya mpelelezi Willy Gamba, kaviweka kwenye dashibodi ya gari majalada yameshabanduka, anasema hajui mara ngapi kavirudia. Tumesalimiana naye miaka na sikuwahi kujua hilo mpaka nilipomkuta navyo mkononi. Kwa hiyo wasomaji wapo, ila kila mtu anasoma kimya kimya kivyake, na kitabu kisipotajwa mdomoni mwa watu kinafia dukani hata kiwe kizuri vipi.

Nadhani kosa linaanzia shule. Sio kwamba vitabu walivyotupa vilikuwa vibaya, hapana, Takadini, Watoto wa Mama N'tilie, Joka la Mdimu, hivyo ni vitabu vizuri kabisa, lakini tulivisoma ili tujibu swali, taja dhamira tatu, eleza wahusika, fani na maudhui, basi, mtihani ukiisha na kitabu kimeisha. Hakuna mwalimu aliyeniuliza we mwenyewe umekipenda au hujakipenda, ulilia wapi, ulikasirika wapi. Ndo maana mtu mzima ukimuuliza kitabu anakujibu aah nilisoma form four, kama vile unamuuliza habari za chanjo ya utotoni. Na wakati mwingine hata hicho tunachopewa kinategemea wakubwa wanaonaje, Rosa Mistika ya Kezilahabi ilitoka mwaka 1971 ikapigwa marufuku mashuleni, baadae ikaja ikaruhusiwa na wanafunzi wakafanyia mtihani kitabu kile kile. Msomaji wa kawaida wa zama zile angeambiwa na nani kwamba kipo na kinafaa kusomwa, kama sio na msomaji mwenzie.

Sasa na mimi nitaje changu maana siwezi kudai wenzangu waseme nikanyamaza. Sa hivi nasoma Peponi ya Abdulrazak Gurnah. Mtakumbuka alivyopata tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021 tulivyobishana, ni wetu sio wetu, Mzanzibari, Mtanzania, Mwingereza, kila kijiwe kilikuwa na jibu lake, lakini wachache sana waliuliza haya tuanze na kitabu chake kipi. Hicho alikiandika kwa Kiingereza kikatoka 1994, na Kiswahili chake kafanya Dkt. Ida Hadjivayanis, kimechapwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Ni habari ya mtoto anaitwa Yusuf, baba yake ana deni kwa tajiri Aziz, basi mtoto anachukuliwa anapelekwa pwani anaambiwa unaenda na ami yako, kumbe amewekwa rehani. Anayemfungua macho ni Khalil, kijana wa dukani ambae na yeye yuko pale kwa deni la baba yake. Afu kuna msafara wa biashara kwenda bara, wapagazi, mizigo, magonjwa, hongo za kulipa kila mnapopita kwa chifu, na Wajerumani wanakuja nyuma taratibu. Mi kazi yangu ni mizigo, kila siku nahesabu vinavyoingia na vinavyotoka kwenda huko huko bara, kwa hiyo zile kurasa za msafara nazisoma polepole sana, nawaona wale wapagazi kabisa. Sijamaliza. Nahofia mwisho wake kwa sababu Yusuf nampenda na sioni wa kumtetea.

Kabla ya hicho nilimaliza Kuli ya Adam Shafi, habari za makuli wa bandari ya Unguja na ule mgomo wa mwaka 1948, kitabu cha 1979 lakini mtu wa bandarini akikisoma leo atawatambua watu wake. Nilimwazima kijana mmoja wa hapa kazini, kakaa nacho mpaka nikafikiri kimepotea, kumbe nae kamwazima mwenzie. Sikukasirika hata kidogo, nilifurahi.

Na kuna hili la mipaka. Nilikuwa naongea na dereva mmoja Mkenya akashangaa kabisa kwamba siijui Siku Njema ya marehemu Ken Walibora, huko kwao wameisoma shule watu wengi tu, na hadithi yenyewe Kongowea Mswahili mzaliwa wa Tanga anavuka kwenda Kenya kumtafuta baba yake! Tanga jamani, hapa hapa. Yeye Utengano ya Said Ahmed Mohamed anaijua maana walisoma shule, mwandishi ni Mzanzibari, lakini Kezilahabi hakuwahi kumsikia. Lugha moja, barabara moja, malori yanapita usiku na mchana na vitabu havipiti, na sababu kubwa naona ni kwamba hatuambiani.

Ombi langu Mhariri ni dogo. Tupe kona, hata iwe nusu safu, kila jumamosi, ambapo msomaji yeyote anaandika yuko wapi, anafanya kazi gani, anasoma kitabu gani sa hivi au kipi anataka kukisoma, sentensi mbili tatu za kwa nini, na kakipata wapi. Hilo la kakipata wapi msilikate tafadhali, kwa sababu mtu wa Sumbawanga au Masasi anaweza kusoma sifa za kitabu na asijue pa kuanzia, wakati pengine kipo maktaba ya mkoa hapo hapo kinakula vumbi, au kuna anaeuza vitabu vya mtumba stendi. Akitajiwa sehemu atajua pa kuuliza.

Na nawaomba sana kona hiyo msiwape maprofesa na wahakiki, wao wana nafasi zao. Tunataka nesi wa zamu ya usiku, bodaboda, mama lishe, mlinzi, mwalimu wa msingi, mstaafu. Mtu akisema anasoma kitabu cha ufugaji wa kuku mwekeni. Anaesoma vitabu vya mafanikio na biashara mwekeni, najua kuna wanaovidharau, mimi sio mpenzi wake sana ila namheshimu mtu aliyetoa hela yake akanunua kitabu. Anaesoma vitabu vya dini mwekeni. Na asiyekipenda kitabu aseme pia hajakipenda na kwa nini, isiwe sifa tupu, mana sifa tupu hakuna anaeziamini.

Sio jambo geni kwenye magazeti ya Kiswahili. Mambo Leo lilianza mwaka 1923 na wasomaji walikuwa wanapeleka humo mashairi yao na kujibizana, Shaaban Robert mwenyewe alikuwa anapeleka. Juzi juzi tu watu walikuwa wananunua gazeti kwa ajili ya hadithi ya mtunzi Eric Shigongo, ukifika kwenye itaendelea unahesabu siku mpaka toleo lijalo, na njiani kila mtu anabishana nini kitatokea. Yale mabishano ndo nayatamani.

Basi kama kona itakuwepo mimi nimeshaanza hapo juu. Nikimaliza Peponi nataka Haini ya Adam Shafi, ilitoka 2003, nimeulizia sehemu kadhaa hapa mjini sijaipata. Mwenye kujua inapouzwa, au anayo na yuko tayari kuniazima, aandike humu humu gazetini, na mimi Kuli ikirudi nitampa.

Karani wa ghala,
Kurasini, Dar es Salaam