Anayekwenda Morningside kwa SGR aanze hesabu na treni ya kurudi

Ndugu Mhariri,

Tangu SGR, yaani reli ya kisasa, ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, milima ya Uluguru imekuwa ya kwenda asubuhi na kurudi jioni, na wengi hupanda hadi Morningside, kwenye nyumba iliyo mlimani juu ya mji wa Morogoro. Naomba nafasi niwaeleze wasomaji namna ya kuipanga siku hiyo, kwa sababu wengi wanaotaabika katika matembezi haya taabu yao huanzia kwenye hesabu ya saa, kabla hata hawajavaa viatu.

Tiketi zikatwe mbili kwa pamoja, ya kwenda na ya kurudi. Nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa mwaka 2024 ni shilingi 13,000 kwa mtu mzima, njia moja. Jumapili jioni na siku za sikukuu nafasi za kurudi Dar huisha mapema, na aliyekata ya kwenda tu hujikuta stendi ya Msamvu usiku akitafuta basi huku magoti yanamuuma. Kitambulisho kiwe mfukoni. Mizigo hukaguliwa, kwa hiyo kisu cha matunda kibaki nyumbani. Ndizi hazihitaji kisu.

Sasa saa. Treni inakwenda hadi kilomita 160 kwa saa, na safari nzima haizidi sana saa mbili. Lakini stesheni ya SGR ya Morogoro iko Kihonda, siyo ile ya zamani ya mjini. Kutoka hapo hadi mwanzo wa njia, upande wa Barabara ya Boma, kunahitaji bodaboda, bajaji au daladala. Tenga dakika 45 kwenda na 45 kurudi, maana treni inapofika watu wote hushuka pamoja na vyombo vya usafiri hugombaniwa.

Hesabu ianzie jioni irudi nyuma. Ratiba hubadilika, kwa hiyo chukua huu kuwa mfano tu: treni ya kurudi inaondoka saa 12 jioni. Uwe Kihonda saa 11. Uwe umeshafika chini, Boma, saa 10 na robo. Kushuka kutoka Morningside ni saa moja na nusu hadi mbili, weka mbili. Ongeza nusu saa ya akiba kwa mwenzenu atakayechubuka mguu, maana katika kundi la watu sita hakosekani. Saa ya kugeuka ni saa 8 kasorobo mchana. Iandikeni kwenye simu ya kila mmoja kabla ya kuanza kupanda, na ikifika mgeuke hapo mlipo, hata kama nyumba ya Morningside mnaiona mbele yenu.

Upande wa asubuhi hesabu inakubali vizuri. Ukiondoka Dar saa 12 asubuhi, saa 3 unaweza kuwa unaanza kupanda, na kwa mwendo wa saa mbili na nusu hadi tatu unafika juu adhuhuri. Unabaki na zaidi ya saa nzima ya kukaa chini, kula, na kuutazama mji wa Morogoro ulioko mbali huko chini. Wanaotaka kuunganisha hadi Bondwa, kwenye minara, kilele cha mita 2,120, waache wazo hilo kwa siku ya treni. Hiyo ni safari ya kulala Morogoro. Na kuingia ndani ya msitu wa hifadhi kunahitaji kibali cha TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, kinachopatikana mjini, jambo ambalo nalo linakula muda wa asubuhi.

Njia yenyewe haijifichi. Kuna barabara ya vumbi inayozunguka, na kuna vijia vya mkato vinavyopita katikati ya mashamba. Mgeni afuate barabara wakati wa kupanda, au amchukue mwenyeji wa kumwongoza na wapatane malipo kabla ya kuanza. Vijia ni vingi, vingine vinaishia kwenye ua wa mtu. Sehemu ya chini imelimwa, kivuli ni haba, na kati ya saa 4 na saa 6 jua linachoma kweli kweli. Lita mbili za maji kwa kila mtu ndicho kiwango cha chini. Wakati wa joto ongeza ya tatu. Maji ya vijito yanaonekana safi, lakini juu ya kila kijito kuna nyumba na mashamba, kwa hiyo yasinywewe bila kuchemshwa.

Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba. Masika, Machi hadi Mei, ule udongo mwekundu wa mfinyanzi unateleza kama sabuni, na shida kubwa huwa wakati wa kushuka. Raba zenye soli iliyolika hazifai. Kata kucha za miguu siku moja kabla, na kabla ya kushuka kaza kamba za viatu kwenye kifundo, vidole visisogee mbele na kugonga ncha ya kiatu. Hapo ndipo kucha hufa. Shuka kwa hatua fupi, magoti yakiwa yamelegea kidogo. Baada ya mvua siafu hukatiza njia: chomeka suruali ndani ya soksi, vuka kwa haraka, usisimame kupiga picha.

Kuna jambo moja wageni wa mjini hulikosea, nalo linaniuma. Asubuhi akina mama wa Kiluguru wanateremka sokoni na matenga kichwani, yamejaa karoti, kabichi, ndizi, na stroberi katika msimu wake. Mwenye mzigo kichwani hawezi kuinama kutazama anapokanyaga, na akisimama ghafla kwenye mteremko mzigo unamvuta mbele. Ndiyo maana njia ni yake. Mpishe mapema, na simama upande wa mlima, siyo wa bonde, ili tenga likikupiga bega uegemee udongo usidondoke. Mwamkie. Ukitaka kununua, mngojee kwenye sehemu tambarare. Kumtua na kumtwika tena katikati ya mteremko ni kumtesa.

Vilevile usikanyage kingo za matuta ya ngazi. Serikali ya kikoloni ilipolazimisha matuta huko Uluguru watu waliyapinga hadi zikatokea ghasia mwaka 1955, na kuchimba tuta kwa jembe kwenye mteremko ule ni kazi ya siku nyingi. Kingo ikibomoka, mvua ya kwanza inaondoka na udongo. Udongo huo unaishia mtoni, na vijito vya Uluguru ndivyo vinavyoujaza mto Ruvu, ambao maji yake tunayanywa Dar es Salaam. Chupa mliyopanda nayo ikiwa imejaa irudi nanyi ikiwa tupu.

Ombi langu kwa shirika la reli na manispaa ni dogo: ubao mmoja pale stesheni ya Kihonda na mwingine mwanzoni mwa njia, kila mmoja ukiwa na ramani na muda wa kupanda na kushuka. Uandikwe kwa saa, usiandikwe kwa kilomita. Mtu aliyezoea kutembea Kariakoo akisoma kilomita chache hudhani ni mwendo wa saa moja, na anapogundua ni saa tatu, treni yake ya kurudi inakuwa imebakiza muda mchache kuondoka.

Msomaji wako,
Ilala, Dar es Salaam