Mdhamini yupi? Fomu za mikopo zitwambie wazi

Ndugu Mhariri,

Salaam kutoka Tanga. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme jambo ninaloliona karibu kila wiki. Mi nina steshenari huku Ngamiani, nachapa barua za kazi, natoa kopi, najazia watu fomu, na fomu nyingi zinazoletwa ni za kiingereza mwanzo mwisho, na anayezileta ama hajui kiingereza kabisa au anakijua kile cha fom foo ambacho kinamsaidia kusoma ila hakimsaidii kujua anasaini nini.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja wa jirani, mtu mzima, anakaanga samaki jioni pale mtaani. Kashika karatasi imekunjwa mara nne mpaka mikunjo imeanza kuchanika, nikamwamkia, akaitikia, akasema mwanangu hebu nisomee hii, niliisaini mwenyewe lakini sasa wananidai. Nikaikunjua juu ya mashine ya kopi. Jina lake liko chini ya neno guarantor, na pembeni pana doa la mafuta ya kupikia, inaonekana walimfuata hapohapo kwenye karai akafuta mkono akasaini. Nikamuuliza mama, walikwambia hii ni ya nini? Akanijibu, "Waliniambia niwe mdhamini wa yule binti, nikajua ni kama vile ulivyoniandika kwa yule kijana aliyekuwa ananisaidia kuuza, alipoomba kazi. Si uliniandika mdhamini?"

Kweli nilimwandika. Kwenye CV ya yule kijana niliandika WADHAMINI kwa herufi kubwa, na jina la mama likawa la tatu, kwa sababu ndo hivyo tunavyoandika wote na hata matangazo ya kazi ya kiswahili yanasema leta majina ya wadhamini watatu wa kuaminika. Iliniuma sana.

Sasa nisikilize mhariri. Kwenye CV neno la kiingereza ni referee. Huyo ni mtu wa kuulizwa tu, mwajiri anampigia simu, unamfahamu huyu, ana tabia gani, basi. Kijana akiharibu huko kazini referee halipi kitu. Guarantor ni mwingine kabisa, huyu ndo anayelipa. Mi namwelezaga mtu hivi: ukinunua TV mwenye duka akakwambia ina garantii ya mwaka, ikizima ndani ya mwaka unarudi kwake maana amebeba yeye. Basi ukisaini kama guarantor wewe ndo garantii ya yule mtu, akizima, wanarudi kwako.

Na sisi wote hao tunawaita mdhamini. Anayemtoa mtu mahakamani kwa dhamana, ambaye kiingereza ni surety, ni mdhamini. Kampuni inayolipia jezi za timu, sponsor, mdhamini. Wazee wanaoshika mali za msikiti au za chama, trustee, bodi ya wadhamini. Neno moja limebeba watu watano ambao majukumu yao hayafanani hata kidogo, mmoja anatoa pesa kwa hiari na jina lake linatangazwa redioni, mwingine anatoa ushuhuda wa tabia, mwingine anafuatwa nyumbani kuchukuliwa friji.

Sisemi kiingereza ndo lugha bora, hapana. Wao neno rent ni la mwenye nyumba na la mpangaji pia, sisi tuna kupanga na kupangisha, huwezi kuchanganya. Kukopa na kukopesha pia vimekaa vizuri. Ni hapa tu kwenye mdhamini ndo tumejaza mizigo mingi kwenye punda mmoja, na wanaokopesha wanalijua hilo, wanamtajia mtu kwa mdomo neno la kiswahili alafu wanamsainisha la kiingereza.

Kuna kitu kingine kwenye ile karatasi. Deni lilikuwa shilingi 800,000 na wadhamini walikuwa wawili, mama na mwanamke mwingine ambaye keshahama. Mama anasema basi mimi nilipe nusu yangu 400,000 na mwenzangu atafutwe alipe yake. Ndo nikaona mstari umeandikwa jointly and severally. Kijana wangu wa dukani, kamaliza fom foo juzi, akasoma akasema severally inatoka kwenye several, kadhaa, kwa hiyo watalipa mara kadhaa. Akili yake haikukosea njia, maneno hayo ni ndugu kweli, lakini kwenye mkataba severally maana yake kila mmoja peke yake. Yaani wote wawili kwa pamoja na kila mmoja peke yake wanadaiwa deni lote, mkopeshaji anachagua wa kumfuata, na akimpata mmoja anaweza kumdai 800,000 nzima nzima. Hiyo nusu anayoisema mama haipo kwenye karatasi. Na sheria yetu ya mikataba, Sura ya 345, inasema hivyohivyo, mdhamini anabeba deni sawasawa na aliyekopa isipokuwa mkataba wenyewe useme vingine.

Tangu mwaka 2021 sheria ilishabadilishwa, kiswahili kikawa lugha ya sheria na mahakama. Kwa nini basi karatasi za hii mikopo ya mtaani, hii watu wanayoiita kausha damu, zibaki kiingereza kwa mama ambaye kila siku anaongea kiswahili na hao hao waliomkopesha jirani yake?

Kwangu dukani nimeshaanza, kwenye CV siandiki tena wadhamini, naandika watu wa kuulizwa, wengine wananilalamikia eti haijazoeleka, nawaambia itazoeleka. BAKITA nao watutafutie neno zuri zaidi la referee watupe.

Mama kashalipa 150,000 mpaka sasa, za samaki, na binti simu yake haipatikani. Ninachoomba kwa wakopeshaji na kwa wanaowasimamia ni mstari mmoja tu, uandikwe juu ya nafasi ya saini, herufi kubwa, na asomewe mtu kabla hajashika kalamu: ASIPOLIPA YEYE NITALIPA MIMI, DENI LOTE.

Msomaji wako,
Mwenye steshenari,
Ngamiani, Tanga