Viza ya Schengen kwa pasipoti ya India: kwa nini ofisi yetu inakataa tiketi hewa

Kila mwaka, shule za India zikikaribia likizo ya joto, tunaanza kupokea ujumbe wa aina moja: "Nililipa kila kitu, nimekataliwa, mmekula hela yangu." Mwaka huu umeanza mapema zaidi. Tumeamua kuandika hadharani pesa inakwenda wapi, kazi yetu ya kuandaa maombi ya viza ni ipi, na kwa nini kuna karatasi ambazo hatuziweki kwenye faili hata mteja akikasirika.

Wateja wetu wengi wana pasipoti ya India na wanaishi Dar: wahasibu, mameneja wa viwanda, wahandisi wa mitambo, wengi kwa kibali cha ukaazi daraja B (cha walioajiriwa), pamoja na wake na watoto wao. Wengine ni wazazi wao walioko Gujarat au Kerala, wanaopanga kukutana na familia Ulaya. Safari yenyewe haibadiliki sana. Siku kumi au kumi na mbili, Paris kwanza, kisha Uswisi kupiga picha kwenye theluji ya Titlis au Jungfraujoch kama wanavyoona kwenye filamu zao, kisha Roma, kisha nyumbani.

Tuanze na bei, maana ndipo ugomvi unapoanzia. Tangu Juni 11, 2024 ada ya viza ya Schengen, viza moja inayofungua nchi nyingi za Ulaya, ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Aliye chini ya miaka 6 halipi. Hiyo ni ada ya ubalozi na hairudishwi viza ikikataliwa. Ubalozi ukitumia kituo cha nje kupokea maombi, kituo nacho kina ada yake. Sisi tunachukua shilingi 250,000 kwa faili la mtu mmoja. "Laki mbili na nusu kwa kujaza fomu?" (Neno laki lenyewe limetoka kwao, kwa hiyo kwenye hesabu huwa tunaelewana haraka.) Fomu inamaliza dakika arobaini. Saa sita zinazobaki ni za kusoma karatasi zako jinsi afisa wa viza atakavyozisoma: tarehe dhidi ya tarehe, jina dhidi ya jina, mshahara kwenye barua dhidi ya mshahara ulioingia benki. Afisa hakujui. Anachotazama ni kama karatasi zote zinasema jambo moja.

Sasa tiketi hewa. Vishoka wanauza karatasi yenye namba ya oda ya ndege kwa elfu ishirini au thelathini. Ziko za aina mbili. Ya kwanza imechorwa kwenye kompyuta, ukiingiza namba kwenye tovuti ya shirika la ndege hakuna kitu. Ya pili ni oda ya kweli ambayo haijalipiwa, na hufa baada ya siku moja au tatu. Siku unayokabidhi faili inaonekana vizuri. Afisa akilifungua siku ya nane, safari haipo.

Kinachoudhi ni kwamba sheria haikulazimishi kununua tiketi kabla ya viza. Inataka uoneshe oda ya kwenda na kurudi. Kwa hiyo tunaweka oda kupitia wakala wa tiketi anayeweza kuishikilia hadi jibu litoke, au tunakushauri ununue tiketi inayorudishwa kwa makato yanayojulikana. Hoteli tunachagua zile zinazofutika bure hadi siku chache kabla ya kufika, na majina ya wasafiri wote yanaandikwa. Familia ya watu wanne yenye chumba kilichowekwa kwa jina la baba peke yake, watu wawili, ni swali ambalo afisa hatakupigia simu kuuliza. Na usifute hoteli siku ya pili baada ya kukabidhi faili. Balozi huandikia hoteli kuhakiki.

Ukikamatwa na tiketi hewa, barua ya kukataliwa inakuja na alama kwenye kisanduku kinachosema nyaraka zako zinatiliwa shaka. Taarifa hiyo inakaa miaka 5 kwenye mfumo wa viza unaosomwa na nchi zote za Schengen, ambazo sasa ni 29. Fomu za Uingereza na Canada nazo zinauliza kama umewahi kunyimwa viza na nchi yoyote. Kwa baba, mama, mtoto wa miaka 9 na wa miaka 4, ada ya ubalozi peke yake ni euro 225. Imekwenda ili kuokoa gharama ya oda halisi.

Njia ya mkato ya pili ni "nchi rahisi". Miadi ya ubalozi wa Uswisi au Ufaransa imejaa, mtu anaambiwa aombe kupitia nchi nyingine yenye nafasi, kisha aende anakotaka. Kanuni iko wazi: unaomba kwa nchi ambayo ndiyo lengo kuu la safari au utakayokaa muda mrefu zaidi, na muda ukilingana, kwa nchi utakayoingia kwanza. Paris usiku 3, Interlaken usiku 5, Roma usiku 3: hilo ni faili la Uswisi, hata kama ndege inatua Paris. Ukitaka liwe la Ufaransa, badilisha safari yenyewe, lala Paris usiku 5 na Interlaken 3, ukae kweli. Tumeletewa faili la mtu aliyeomba kwa Ugiriki akiwa na hoteli ya usiku mmoja Athens na tiketi ya treni ya Uswisi ya siku nane ndani ya bahasha ileile. Hakuna hata haja ya upelelezi hapo.

Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Anayetaka kusafiri Mei aje Desemba au Januari. Anayekuja katikati ya Aprili anatulazimisha kumwambia asichopenda kusikia, na hapo ndipo vishoka humuuzia miadi, ambayo kwa kawaida kuishika hakuna malipo zaidi ya ada za kituo.

Benki ndipo faili nyingi za pasipoti ya India zinapovunjika, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Mwombaji aliyeko India huombwa taarifa ya benki ya miezi mitatu hadi sita yenye muhuri na sahihi ya benki, slipu za mshahara za miezi mitatu, barua ya mwajiri inayotaja likizo kwa tarehe, na ritani za kodi za miaka miwili au mitatu kutegemea ubalozi. Mwenye biashara anaongeza cheti cha usajili wa GST (kodi ya bidhaa na huduma ya India) na taarifa za akaunti mbili, ya biashara na yake binafsi. Taarifa iliyochapishwa nyumbani kutoka kwenye simu, bila muhuri, mara nyingi inarudishwa dirishani. Ritani zina tarehe ya kuwasilishwa, na ritani za miaka mitatu zilizowasilishwa wiki moja zinaonekana kwa jicho.

Kosa kubwa ni kuegesha pesa. Salio limekaa rupia 40,000 miezi mitano, kisha laki sita zinaingia tarehe 3 na taarifa inachapishwa tarehe 5. Afisa anasoma mkopo wa shemeji. Tena kiasi hicho hakikuhitajika. Ufaransa, kwa mfano, hutaka euro 65 kwa siku kwa mtu mwenye hoteli na euro 120 kwa asiye na oda ya hoteli. Siku kumi na mbili kwa hoteli ni euro 780. Uswisi kipimo cha kawaida ni faranga 100 kwa siku. Pesa iliyojikusanya polepole kutoka kwenye mshahara inatosha kuliko lundo la ghafla. Na kama pesa ya ghafla ni halali, amana imeiva au gari limeuzwa, weka karatasi yake. Amana ya muda maalumu usiivunje ili kunenepesha akaunti. Cheti chake kinaingia kwenye faili kama kilivyo.

Kwa Mhindi anayefanya kazi Dar kuna mtego mwingine. Mikataba mingi inagawa mshahara: sehemu inalipwa hapa kwa shilingi kwa ajili ya matumizi, sehemu inaingia akaunti yake India. Analeta taarifa ya benki ya Dar tu. Mkataba unasema mshahara mkubwa, akaunti inaonesha theluthi. Lete taarifa zote mbili zenye mihuri, na barua ya mwajiri itaje mgawanyo huo kwa tarakimu. Bila sentensi hiyo moja, faili la mtu mwenye mshahara mzuri linafanana na la mwongo.

Majina nayo. Gujarat watu huongeza -bhai kwa mwanamume na -ben kwa mwanamke. Pasipoti inasema Ramesh, benki inasema Rameshbhai, cheti cha kuzaliwa cha mtoto kinasema Ramesh Kumar. Kwa mwenyeji ni mtu mmoja, kwa afisa ni watatu. Tunaomba barua ya benki au kiapo kinachounganisha majina, na fomu tunaijaza kama pasipoti ilivyo, herufi kwa herufi. Wateja wa kusini, hasa Tamil Nadu, wengi hawana jina la ukoo na nafasi hiyo kwenye pasipoti iko wazi. Hapo usibuni jina. Tiketi, bima na hoteli zifuate mpangilio uleule, maana mashirika ya ndege yana namna zao za kujaza nafasi tupu na tofauti zinaanzia huko.

Wapi uombe? Unaomba unakoishi kihalali. Mwenye kibali cha ukaazi Tanzania anaomba huku, na kibali kiwe na muda wa kutosha baada ya tarehe ya kurudi. Kikiwa kinaisha mwezi wa safari, kihuishe kwanza. Mama aliyekuja Dar kwa matembezi ya miezi mitatu ni mgeni, si mkaazi, na kwa kawaida ataambiwa aombe India, kwenye ofisi inayohudumia jimbo lake. Tumesema hili mara nyingi na bado kila msimu kuna mzazi aliyeletwa na karatasi zake zote kwenye begi.

Tofauti hii ina uzito hata baadaye. Aprili 18, 2024 Tume ya Ulaya ilipitisha utaratibu mwepesi kwa raia wa India: aliyepata na kutumia vizuri viza mbili ndani ya miaka mitatu anaweza kupewa ya miaka miwili ya kuingia mara nyingi, na baada ya hiyo ya miaka mitano kama pasipoti ina muda. Lakini ni kwa wanaoishi India na kuomba wakiwa India. Anayeombea Dar anapanda ngazi ya kawaida: viza tatu ndani ya miaka miwili, ndipo apate ya mwaka mmoja. Mdogo wake aliyeko Ahmedabad akipata ya miaka miwili na yeye akapewa siku kumi na mbili, si sisi tuliozembea.

Mambo madogo kwa haraka. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, iwe na kurasa mbili tupu na ibaki na miezi 3 baada ya kuondoka Ulaya. Picha ni milimita 35 kwa 45, si ile ya mraba. Bima ya matibabu ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi, nchi zote za Schengen, siku zote za safari. Kwa wazazi soma maandishi madogo, kwani zipo bima zinazopunguza kiwango kwa umri na kushuka chini ya hapo. Siku ya kuchukuliwa alama za vidole, vidole visiwe na hina nzito wala majeraha. Anayetoka harusini asubiri ifutike, mashine haisomi maua. Alama za vidole zilizochukuliwa ndani ya miezi 59 zinaweza kutumika tena. Na anayechomeka London katikati ya Paris na Amsterdam anahitaji viza ya Uingereza kando, pamoja na Schengen ya kuingia mara mbili.

Jibu hutoka ndani ya siku 15, na ubalozi unaweza kusogeza hadi 45. Stika ya viza ikifika, isome ukiwa dirishani: jina, namba ya pasipoti, idadi ya kuingia, idadi ya siku. Ukiona viza inatumika Juni 1 hadi 27 lakini siku za kukaa ni 12, utakaa siku 12 tu. Zile 15 za ziada ni nafasi ya kusogeza tarehe ya safari, basi.

Ukikataliwa, leta barua kabla ya kulipia ombi jipya. Kosa likiwa letu, tarehe tuliyokosea au karatasi tuliyosahau kudai, tunaandaa faili upya bure na ada ya ubalozi tunalipa sisi. Kosa likiwa karatasi uliyotuficha, hatulipi. Kukata rufaa kunategemea nchi iliyokunyima, na muda wake umeandikwa kwenye barua hiyohiyo. Tunasoma kwanza alama imewekwa kisanduku gani, maana kosa la bima linarekebishwa kwa siku moja na shaka kwamba hutarudi hairekebishwi kwa karatasi moja.

Siku ya kwanza ya kuja ofisini beba pasipoti zote, mpya na za zamani, hata ile iliyokatwa kona. Viza za miaka iliyopita na mihuri ya kurudi imo humo.