Kamati ya kisima isimtegemee mtu mmoja

Mwanza

Ndugu yangu Shija,

Habari za huko Sengerema? Umeniuliza utampata wapi mtu mwenye moyo wa kuisimamia kamati yenu ya kisima. Mimi nasema usimtafute. Kijiji kikimpata mtu wa namna hiyo kinamtwisha yote: leo kisima, kesho kamati ya shule, keshokutwa michango ya misiba. Siku akihamia mwalo mwingine kufuata samaki, ufunguo, daftari na ujuzi vinaondoka naye.

Zivunje kazi ziwe ndogo: mtunza ufunguo, mwandika michango, mweka hazina, fundi, mwita mikutano. Isiyozidi saa mbili kwa wiki hata mama mwenye genge ataikubali. Cheo kikubwa kitakimbiliwa na anayeutaka udiwani. Kila mmoja awe na anayejifunza kwake tangu siku ya kwanza, na ukomo wa muda wake uandikwe kwenye muhtasari. Mwaka mmoja, kurudia mara moja, basi. Ila wasitoke wote kwa pamoja.

Semina peke yake haimtengenezi fundi. Mwache anayejifunza aifungue pampu ya mkono mwenyewe, avute fimbo zake za ndani mpaka pistoni itoke, abadilishe mpira uliolika, kisha arudishe. Wa zamani asimame mikono nyuma, aseme neno pale tu hatari inapokuja: kabla ya kufungua kiungio chochote, fimbo ya chini iwe imebanwa, la sivyo zote zinatumbukia kisimani.

Mikutano iwekeni siku za mbalamwezi. Mwezi ukiwa giza wavuvi wa dagaa wanakesha ziwani na mchana wamelala, halafu mnawaita wavivu! Saa tisa alasiri inafaa, akina mama hawajaanza kupika.

Posho ndiyo inayoua kamati nyingi. Mradi ukilipa vikao, siku unapofungwa na vikao vinakufa. Lakini kumwacha mtu atoe nauli ya bodaboda ya kufuata kipuri, na vocha ya simu, mfukoni mwake, nako ni kumfukuza polepole. Mrudishieni alichotumia, kwa risiti. Watia saini wa akaunti wawe watatu, wawili watoshe kutoa fedha, wasitoke nyumba moja. Hesabu zisomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ule wa kila miezi mitatu, mbele ya waliochanga.

Jambo moja kabla ya yote: nenda RUWASA, wakala wa maji vijijini, ofisi ya wilaya, ukaulize kama kisima kiko chini ya CBWSO, yaani jumuiya ya watumia maji. Kama kipo, msianzishe michango pembeni, mtagombana na jumuiya hiyo kabla hamjaanza.

Niandikie orodha ya kazi kabla ya mkutano. Majina ya watu usiyaweke kwanza.

Wasalimie nyumbani.

Wako,
Masanja