Risala kwa Mgeni Rasmi: Ziwa Tunalo, Tunaomba Ukuta

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa,
Ndugu viongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo wetu,
Walimu, wazazi na walezi,
Waogeleaji,
Mabibi na mabwana,

Tunakushukuru kwa kukubali kuja Bangwe asubuhi hii na kukalia viti vya kuazima. Huku kwetu Kigoma, mwisho wa reli, kando ya Ziwa Tanganyika, kiongozi akionekana ufukweni mapema namna hii watu huulizana nani ameopolewa. Leo umekuja na wote tuko wazima. Hilo tunaomba liandikwe kuwa fanikio la kwanza la klabu.

Klabu hii ya kuogelea ina miezi 14. Tulianza na watoto 9, leo tuko 31, wasichana wakiwa 12. Mdogo kabisa ana miaka 8 na mkubwa ana 17. Katiba tumeshaiandika na maombi ya usajili tumeshayapeleka. Jina la klabu limo humo, lakini mwenyekiti amenikataza kulisoma hadharani kabla cheti hakijatoka, asije mwingine akaliwahi. Kwa hiyo nitasema klabu tu, utatuvumilia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mtoto wa Bangwe hafundishwi kuogelea. Huanza kwa kushikilia ubavu wa mtumbwi wa baba yake, siku moja mkono unateleza, na hapo ameshajua. Tatizo ni namna anavyoogelea. Karibu wote walikuja kwetu wakiogelea kichwa juu, na wana sababu yao: ziwani lazima uone boti inayokuja na wimbi linalokuja. Lakini kichwa kikikaa juu miguu inazama, na miguu ikizama mwili unaburuta maji kama ndoo iliyofungwa kamba. Kijana wetu mmoja, mwenye kifua cha kuvuta nyavu usiku kucha, aliachwa nyuma na binti wa miaka 10 aliyekwishajua kulaza uso majini. Alikaa wiki mbili bila kuja mazoezini. Tulimfuata kwao.

Ndiyo maana somo la kwanza hatukulifanyia ziwani. Tulilifanyia mchangani, kwa mabeseni sita ya kufulia. Mtoto anapiga magoti, anatumbukiza uso mpaka masikioni, anapuliza mapovu mpaka pumzi iishe, anageuza shavu pembeni, anavuta hewa, anarudi. Mara 20, anapumzika, tena mara 20. Akina mama waliokuwa wakianika dagaa walitucheka mpaka wakakaa chini. Mmoja akauliza, "Mwalimu, hao unawafundisha kunywa uji?" Tuliendelea. Wiki ya nne uji ulikwisha tukaingia ziwani, na tofauti ilionekana hata na waliokuwa wakicheka. Mabeseni mawili bado hatujayarudisha kwa wenyewe. Tunaomba radhi, wenyewe wapo hapa.

Mwaka huu tulipewa Jumapili mbili kwenye bwawa la hoteli moja mjini, saa moja kila mara, kabla wageni hawajaamka. Tulikwenda na tepu ya fundi seremala tukalipima: mita 17 na nusu. Bwawa la mashindano huwa mita 50 au 25, kwa hiyo muda wowote tuliochukua pale haulinganishiki na wa mtu mwingine popote duniani. Hatukujali. Siku hiyo watoto wetu walikutana na ukuta kwa mara ya kwanza.

Hapa naomba nikae kidogo, Mheshimiwa, maana ombi letu linatoka hapa.

Aliyetangulia kuogelea chali aligonga kichwa dakika ya tatu. Tusimlaumu, ziwani hakuna cha kugonga. Bwawa rasmi hufungwa kamba ya bendera juu ya maji, mita 5 kabla ya kila ukuta, ili aliyelala chali akiziona aanze kuhesabu mikono yake hadi mwisho. Wiki iliyofuata mama yake alituletea kitenge kilichochakaa, tukakata pembetatu, tukazishona kwenye kamba ya nyavu. Bendera zenyewe ndizo hizo zinazopepea mbele yako. Nimesikia watu wakizisifu tangu asubuhi wakidhani ni mapambo ya shughuli.

Kisha tukashindanisha mtindo wa chura. Sheria ya chura, na ya kipepeo vilevile, inataka mikono yote miwili iguse ukuta kwa pamoja, kwenye kugeuka na kwenye kumaliza. Waliingia wanane, watano wakafutwa kwa kugusa kwa mkono mmoja. Mmoja wao ndiye aliyefika wa kwanza. Alitoka majini akirukaruka, tukamwambia matokeo, akakaa pembeni ya bwawa akilia. Baadaye akaniambia, "Mwalimu, mimi ziwa nalijua. Ukuta ndio nimeujua leo."

Na ukuta una faida yake kubwa. Katika mita 100 ndani ya bwawa la mita 25, mwogeleaji hugeuka mara 3, na kila anapogeuka huusukuma ukuta kwa miguu akaondoka kwa kasi ambayo mikono yake haiwezi kumpa. Kwenye mtindo huru, kipepeo na mgongo anaruhusiwa kwenda chini ya maji mpaka mita 15 kabla kichwa hakijatokeza. Asiyejua kugeuka anaweza kuwa na mapafu ya kiboko na bado akashindwa na mtoto wa mjini mwenye mikono kama vijiti.

Tunajua yapo mambo makubwa yaliyoanzia kwenye mabwawa madogo. Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta alikwenda Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 akiwa na miezi michache tu tangu ajifunze kuogelea, na mazoezi yake alikuwa akiyafanyia kwenye bwawa la hoteli. Bwawa la mita 50 aliliona hukohuko Sydney. Wenzake wawili wa kundi lake walifutwa kwa kuchupa kabla ya ishara, akaogelea mita 100 peke yake, kwa dakika 1 na sekunde 52.72, uwanja mzima umesimama. Watoto wetu wanaipenda hadithi hiyo kupita kiasi. Mimi ninaipenda kwa tahadhari, kwa sababu sitaki mtoto wa Kigoma ashangiliwe kwa kuhurumiwa.

Kuhusu usalama, sheria yetu ni vibao. Kila mtoto ana kibao chenye namba. Akiingia majini anakitundika kwenye msumari pale kwenye mwembe, akitoka anakiondoa. Jumamosi moja filimbi ya mwisho ililia, tukahesabu, namba 22 ikawa bado inaning'inia. Mheshimiwa, sijui kama umewahi kuyatazama maji yaliyotulia huku unatafuta mtoto. Mitumbwi miwili iliingia, vijana wakapiga mbizi, mama mmoja akaanza kulia kabla hajajua ni mtoto wa nani. Baada ya dakika 11 namba 22 akatokea njiani, anatafuna andazi. Hatukumchapa, ingawa wapo waliotaka. Lakini tangu siku hiyo anayeondoka bila kugusa kibao chake haingii majini wiki mbili, hata kama ndiye bingwa wetu.

Hatuogelei kila mahali. Wazee wa mwalo ndio waliotuonyesha sehemu hii, wazi, isiyo na majani na yenye watu, kwa sababu ya mamba na kwa sababu ya kichocho. Konokono wanaobeba vijidudu vya kichocho hupenda maji yaliyotuama penye majani, na vijidudu hivyo hupenya kwenye ngozi bila mtu kuhisi. Mtoto anayejiunga anapimwa kwanza zahanati, na dawa zikigawiwa shuleni tunahakikisha wetu wote wamemeza. Mazoezi ni saa 12 na nusu asubuhi, Jumamosi na Jumapili, kabla upepo haujaamka.

Wasichana 12 hawakuja kirahisi. Bibi mmoja wa Ujiji alisimama hapa ufukweni Jumamosi tatu mfululizo, kajifunga kanga mbili, anatuangalia tu. Ya nne akauliza, "Mtoto wa kike aogelee apate nini?" Nilimtajia Sophia Latiff, Mtanzania aliyeogelea mita 50 Olimpiki ya Paris 2024. Nikamtajia Kirsty Coventry wa Zimbabwe, mwenye medali 7 za Olimpiki za kuogelea, aliyechaguliwa mwaka 2025 kuwa rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Bibi hakuonekana kushtuka. Alichotaka kujua ni nguo. Tukamwonyesha: suruali ya kubana na fulana ya mikono mirefu, na mwalimu wa wasichana ni mwanamke. Wiki iliyofuata akaja na wajukuu wawili. Nilikuwa na hotuba ndefu, kumbe swali lilikuwa fupi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, yapo mashindano yasiyohitaji ukuta. Mbio za kilomita 10 katika maji ya wazi ziliingia Olimpiki mwaka 2008 kule Beijing, na sheria yake inataka maji yasiwe chini ya nyuzijoto 16 wala juu ya 31. Ziwa Tanganyika haliwezi kutuangusha hapo, hata Julai. Lakini mbio za maji ya wazi zinataka mshindani awe na miaka 14 na kuendelea, na 19 kati ya wetu hawajafika. Kabla ya hapo wanahitaji kukua kwenye mita 25 na 50 kama watoto wengine.

Kwa sasa mita 25 zetu ni kamba mbili zenye maboya ya nyavu, zilizotiwa nanga za mawe. Mtoto akifika mwisho anaigusa kamba na kamba inakimbia. Hakuna cha kusukuma. Tumeshauriana na fundi mitumbwi wa hapa mwaloni, naye amechora gati mbili zinazoelea, za mbao juu ya mapipa ya plastiki, kila moja ikiwa na uso wa mbao unaozama majini. Zikitiwa nanga kwa mita 25 kamili, tumepata kuta mbili. Wapo walioshauri tumwage zege. Lakini ninyi wote mmeona ziwa lilivyopanda miaka hii, mchanga tuliochezea utotoni uko chini ya maji. Zege litabaki pale lilipo, ziwa halitabaki. Gati linaloelea litapanda na kushuka nalo.

Fundi amekadiria shilingi 3,400,000. Ada zetu, michango ya wazazi na harambee ya wavuvi vimefika shilingi 1,150,000. Zinapungua shilingi 2,250,000, na hilo ndilo ombi letu la kwanza. La pili ni laifu jaketi 10 kwa ajili ya wanaoanza, na boti moja ya kuazima siku za mazoezi, ikiwa na mafuta yake. La tatu, tunaomba utusemee ili walimu wetu wawili wapate mafunzo ya uokoaji na ya kusimamia mashindano. Mmoja wao ni mimi, na sheria ninazowafundisha watoto nimezisoma kwenye simu. Usafiri wa kwenda kushindana Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, hatuuombi leo. Tutauomba tukishakuwa na muda uliopimwa kwenye mita 25 za kweli.

Baada ya risala hii waogeleaji sita watakuonyesha mita 50, kwenda na kurudi. Tunaomba uwatazame wanapofika kwenye kamba ya pili na kujaribu kugeuka. Saa ya kupimia mbio iko mezani kwako, kitufe cha kulia ndicho cha kuanzia, na tafadhali usikibonyeze kabla ya filimbi.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu wa Klabu
Bangwe, Kigoma