Andiko zuri, anwani ya S.L.P.

Mhariri,

Ruzuku ya Serikali ya Marekani ikitangazwa, asasi zetu hukesha zikipamba andiko la mradi, na usajili wa SAM.gov, tovuti ya Serikali hiyo ambako waombaji wa fedha zake hujisajili, unasubiri wiki ya mwisho. Fedha hizo zimepungua sana tangu 2025, ila masharti ya uwazi yako palepale.

Sheria yao ya mwaka 2006 inataka ijulikane hadharani kila ruzuku imekwenda kwa nani, hivyo mwombaji lazima athibitishwe jina na mahali alipo. Hapa kwetu kinachokwamisha ni anwani. S.L.P. haikubaliki kama mahali ofisi ilipo, na ndiyo pekee iliyoandikwa kwenye vyeti vingi vya usajili na taarifa za benki. Ankara ya umeme hatuna, tunanunua LUKU. Ankara ya maji nayo ina jina la mwenye nyumba! Njia fupi ni kwenda benki mapema, wakaingize anwani ya makazi iliyotolewa kwenye operesheni ya 2022: barabara, namba ya nyumba, postikodi. Jina nalo lifanane na cheti herufi kwa herufi. Cheti kikisema "Development Organization" na benki ikaandika "Dev. Org.", mtarudishwa.

Wengine bado wanahangaikia namba ya NCAGE, utambulisho wa asasi unaotolewa kwa mfumo wa NATO. Kwa asasi ya nje ya Marekani isiyoomba fedha za Wizara yao ya Ulinzi, haihitajiki tena.

Asasi inayopokea kupitia asasi kubwa haihitaji usajili kamili. Namba ya UEI, yaani utambulisho wa asasi unaotolewa na SAM.gov, yenye tarakimu na herufi 12, inatosha. Mwenye mkataba mkuu, yaani asasi kubwa hiyo, ndiye anayeripoti kila mgawo anaompa mbia unaofikia dola 30,000, kabla ya mwisho wa mwezi unaofuata. Mgawo wa tarehe 10 Machi mwisho wake ni 30 Aprili. Asiyekuwa na UEI ya mbia wake atashindwa kuripoti, kwa hiyo idaiwe kabla ya kusaini, si baada ya kutuma fedha.

Usajili kamili huhuishwa kila siku 365, na ni bure. Anayekutumia barua pepe akidai dola mia kadhaa ili "akuhuishie" ni kishoka tu, hata kama nembo yake ina bendera ya Marekani.

Mhasibu wa miradi,
Morogoro